Mwongozo kamili: kufuga gapi kwenye tenki la mimea lisilokupa kazi

Watu wengi wanaacha samaki wa mapambo baada ya miezi miwili mitatu na sababu ni ileile, tenki linageuka kuwa kazi. Kila wiki kumwaga maji, kusugua vioo, kuosha kokoto, samaki wanakufa, unanunua wengine nao wanakufa. Kuna njia nyingine kabisa ambayo udongo na mimea ndo vinafanya usafi, wewe unabaki kulisha na kukaa kuangalia. Ila nikwambie mapema, njia hii inataka subira mwanzoni, kama wiki sita hivi, na ukiharakisha hapo mwanzo utakuja kuhangaika mwaka mzima. Naandika nikiwa na mazingira ya Dar kichwani, joto, maji ya bomba au ya kisima, umeme unaokatika, na pale ambapo Nairobi, Arusha au Mbeya mambo yanabadilika nitasema.

KWANINI GAPI, NA GAPI YUPI

Gapi (Poecilia reticulata) kwao ni Trinidad, Venezuela na Guyana, yaani vijito vya maji ya uvuguvugu, na wanapenda maji yenye madini kiasi, kwahiyo maji ya pwani yetu ambayo yanawasumbua samaki wengine wengi, kwao ni poa tu. Joto la 22 hadi 28 wanafurahi, pH (kipimo cha asidi ya maji) ya 7 hadi 8 wanafurahi. Dume hafiki hata sentimita 4, jike anaweza kufika 5 au 6. Wanaishi mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi, na maji yakiwa ya joto sana muda wote wanakua haraka na wanazeeka haraka.

Sasa dukani utakutana na wa aina mbili. Kuna wale wenye mikia mikubwa kama feni, rangi kali, wamezalishwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya urembo. Alafu kuna wa kawaida, mkia mfupi, madoa ya rangi mchanganyiko, kila dume na sura yake. Mimi nakushauri chukua wa kawaida bila kufikiria mara mbili, hasa kama ndo unaanza. Mkia mzito ni mzigo, unachanika, unashika ugonjwa kirahisi, na hao samaki wengi wamezaliana ndugu kwa ndugu. Na wa kawaida wala sio wabaya, kule Trinidad watafiti waliona madume wa vidimbwi vya juu ya maporomoko, ambako samaki wanaowawinda ni wachache, wana rangi nyingi kuliko ndugu zao wa chini wanaowindwa kila siku. Ina maana rangi wanazo, wakiishi kwa amani vizazi kadhaa zinatoka zenyewe.

TENKI LENYEWE

Usianze na kibakuli wala tenki la lita 10. Maji machache yanachafuka ghafla, yanapata joto ghafla. Mwambie fundi vioo akukatie la sentimita 60 urefu, 30 upana, 35 kimo, kioo cha milimita 6. Ukijaza hadi kimo cha 30 unapata lita 54, ukitoa nafasi ya udongo na mchanga unabaki na arobaini na kitu, zinatosha. Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka kama siki, usikubali ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile dawa inaua samaki. Ikishapakwa iache siku mbili tatu ikauke hadi harufu iishe kabisa, ndo ulijaze maji nje uani likae siku nzima uone kama linavuja.

Pa kuliweka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu likishajaa halihami. Maji, udongo, mchanga na kioo vyote pamoja vinakaribia kilo 80, kwahiyo meza iwe ya kweli, sio kabati la TV la mbao za kubandika. Chini ya kioo tandika kipande cha sponji au kigodoro chembamba cha mazoezi ili kioo kisikae juu ya punje ya mchanga kikapasuka. Lisikae palipo na jua la moja kwa moja, mwani utakumaliza na maji yatachemka. Na waya za taa na pampu ziache zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

UDONGO, HAPA NDO MOYO WA MAMBO

Tenki la kawaida lina kokoto tupu, mimea inakosa chakula, inaoza, unaishia kununua mbolea za chupa. Sisi tunaweka udongo wa kawaida wa bustani chini, alafu mchanga juu yake. Udongo unalisha mizizi kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, na uchafu wa samaki unaoshuka chini unaongezea.

Udongo gani sasa? Tifutifu wa kawaida, uliokomaa, kutoka sehemu ambayo haijapigwa dawa za wadudu wala kumwagiwa oili. Usiweke samadi, usiweke mboji mbichi, usiweke udongo wa kununua uliochanganywa urea au NPK, hivyo vyote vitatoa amonia nyingi ndani ya maji na amonia ndo sumu namba moja ya samaki. Kama huna uhakika na udongo wako chukua chupa ya jamu ya kioo, weka udongo hadi robo, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga utalala chini kabisa, juu yake vumbi laini, juu kabisa mfinyanzi, na takataka zitaelea. Ukiona takataka zinazoelea ni nyingi kuliko udongo uliolala, huo una majani mengi mno, tafuta mwingine. Kama kwenu kuna udongo mwekundu changanya kidogo, kwenye sehemu kumi moja iwe ya mwekundu, una madini ya chuma na mimea inaipenda.

Uchekeche, toa vijiti, mizizi na mawe. Alafu ulowanishe kwenye ndoo siku moja, mwaga maji ya juu, uanike ukauke, rudia mara tatu hivi. Ni kazi ya wiki lakini inapunguza sana zile taka zinazooza haraka. Kwa tenki letu unahitaji kina cha sentimita mbili na nusu, yaani kama lita nne na nusu za udongo, haijazi hata nusu ya ndoo ya lita 10. Usizidishe. Udongo mnene unakosa hewa huko chini na unaanza kutoa gesi ya harufu ya yai viza.

Juu yake mchanga wa mtoni, ule wa ujenzi, uchekeche ubaki wenye punje za milimita moja hadi mbili, alafu uoshe. Nikisema uoshe namaanisha uoshe kwelikweli, ndoo baada ya ndoo hadi maji yatoke meupe, maana ukichoka katikati utaangalia tope wiki nzima. Kina sentimita tatu. Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi na vipande vya makombe, na ule laini sana kama unga nao haufai, unajifunga kama sementi na hewa haipiti.

Walio nyanda za juu, Nairobi kwa mfano, maji ya bomba yanatoka milimani na ni laini, hayana madini ya kutosha, gapi wanakuwa wanakunja mapezi na kutetemeka tetemeka. Nendeni duka la chakula cha kuku, nunueni makombe yaliyopondwa wanayolishwa kuku wa mayai, weka kiganja kimoja kwenye mfuko wa neti uning'inize karibu na pampu. Yanayeyuka taratibu na kuongeza madini. Huku pwani, hasa kwa maji ya kisima, hilo halihitajiki kabisa.

MIMEA, NA HABARI YA KICHOCHO

Kanuni yangu ni moja, panda mingi siku ya kwanza. Sio vichipukizi vitatu vya kupamba, namaanisha ukiangalia kwa juu mchanga uonekane kidogo tu. Mimea ndo filta yako, inakula amonia moja kwa moja na inashindana na mwani. Ukipanda michache mwani unashinda, utasugua vioo hadi ukate tamaa.

Ya lazima ni ile inayokua haraka. Honiwoti, ule wenye majani kama sindano laini, hauna mizizi, unauachia tu uelee au unaufunga kwenye jiwe. Valisineria, majani marefu kama utepe, huu unazaa watoto chini ya mchanga na baada ya miezi michache unakuwa na ukuta wa kijani nyuma ya tenki. Alafu inayoelea juu, kama pistia, lile gugu linalofanana na kabichi ndogo, hilo linavuta taka haraka sana kwa sababu majani yake yako hewani, ila lipunguze kila wiki lisifunike zaidi ya theluthi ya maji. Ukipata mimea ya anubiasi au java feni ni mizuri sana kwa kivuli lakini usizike kile kishina chake kwenye mchanga kitaoza, kifunge kwenye jiwe kwa uzi. Mosi ya java, mmea laini kama manyoya, nayo tafuta kwa nguvu zote, vifaranga wa samaki wanajificha humo na kula vidudu visivyoonekana kwa macho.

Sasa hapa nataka unisikilize vizuri. Honiwoti na valisineria viko vya bure Ziwa Victoria na kwenye mabwawa mengi, na najua kuna mtu ameshawaza kwenda kuchota. Kwenye mimea hiyohiyo ndo wanakaa konokono wa maji baridi wanaobeba kichocho. Kimelea kinatoka kwenye konokono, kinaogelea, kinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hakihitaji kidonda. Kwahiyo usiingie miguu mitupu ziwani wala bwawani kwa ajili ya mimea ya tenki. Nunua kwa mtu anayefuga, au omba kwa rafiki, mfugaji yeyote mwenye tenki la mimea ana ziada ya kutupa.

Kama umeletewa mimea ya ziwani na huna namna, vaa glavu, kagua kila jani, konokono wote watoe, na yale mayai yao yanayofanana na ute wa gundi chini ya majani yafute. Anubiasi unaweza kuichovya kwenye jiki, sehemu 1 ya jiki kwa 19 za maji, dakika mbili tu alafu suuza sana na uloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Honiwoti, mosi na valisineria hazivumilii jiki vizuri, hizo zitenge kwenye ndoo ya maji safi wiki kadhaa ukiendelea kutoa konokono watakaojitokeza, na mikono usiingize bila glavu. Konokono aliyezaliwa ndani ya tenki lako hana kichocho, maana lazima aambukizwe na maji yaliyoingiwa na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, tatizo ni wale wakubwa waliotoka nje. Hao waliozaliwa humo ndani waache, wanakula mwani na majani yaliyokufa.

KUJAZA MAJI, TAA NA PAMPU

Kabla ya kupanda mwaga maji kidogo tu, yafike kama vidole vinne juu ya mchanga. Weka sahani juu ya mchanga umwagie maji kwenye sahani taratibu, ukimwaga moja kwa moja udongo unapanda juu na kazi yote inaharibika. Panda, alafu malizia kujaza kwa njia hiyohiyo.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24 au zaidi, klorini inaruka yenyewe, ukitaka haraka tumia matone ya kuondoa klorini. Kuna miji inayotumia kloramini badala ya klorini, hiyo hairuki kwa kuacha ndoo wazi, inabidi dawa. Ya kisima hayana klorini lakini mengine yana chumvi nyingi, yaonje. Gapi anavumilia chumvi kuliko mimea yako inavyovumilia, kwahiyo kama maji yana ladha ya chumvi kabisa changanya nusu kwa nusu na ya mvua.

Taa ni LED nyeupe ya wati 8 hadi 10, ile iliyoandikwa 6500K, juu ya maji kama sentimita 20. Saa sita kwa siku wiki za mwanzo, baadae saa nane. Ukiweza iwashe saa nne asubuhi, izime mchana kwa saa tatu nne, uiwashe tena jioni ukirudi nyumbani, mimea inapata muda wa hewa ya ukaa kujikusanya tena majini. Na jioni ndo utataka kuangalia, sasa ya nini iwake mchana nyumba haina mtu.

Filta tumia ya sponji inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Haiwavuti vifaranga, haina cha kuharibika. Hita Dar haina kazi. Nairobi, Arusha na Mbeya kuanzia Juni hadi Agosti nunua ya wati 50 uiweke kwenye 24, maana maji yakishuka chini ya 18 gapi wanadhoofika na magonjwa yanaingia. Huku kwetu shida ni kinyume chake, Januari hadi Machi maji yanafika 31 au 32, maji ya moto yanabeba hewa kidogo, kwahiyo miezi hiyo funua mfuniko uweke neti, elekeza feni juu ya maji na punguza chakula.

KUSUBIRI, BILA SAMAKI

Tenki limejaa, mimea imesimama, taa inawaka, na hapa kila mtu anatamani kwenda kununua samaki kesho yake. Usiende. Udongo mpya unatoa amonia wiki za mwanzo. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, alafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti ambayo haina shida sana na mimea inaila. Hao bakteria wanachukua wiki tatu hadi sita kuzaliana vya kutosha kwenye sponji na mchanga. Na sisi wa pwani tunatakiwa kuwa makini zaidi, kwa sababu kadri maji yanavyokuwa ya moto na pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa kwenye hali yake ya sumu kali. Kiasi ambacho mtu wa Mbeya anaponea, kwako kinaua.

Wiki mbili za kwanza badilisha theluthi moja ya maji mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mara moja kwa wiki. Weka kipunje cha chakula cha samaki kila siku mbili tatu kuwalisha bakteria, na ukimpata mtu mwenye tenki lililokomaa muombe akukamulie sponji yake humo, maji yatachafuka kwa saa chache lakini umeokoa wiki kadhaa. Katika kipindi hiki utaona majani mengine yanayeyuka, mwani wa kahawia kwenye kioo, maji kuwa na rangi ya chai. Usibadilishe kitu, toa tu majani yaliyooza. Kama una kipimo cha matone subiri amonia na nitriti visome sifuri wiki nzima mfululizo. Kama huna, subiri wiki sita kamili na uone valisineria inatoa watoto wapya. Kuna mchana utawasha taa, baada ya saa kadhaa utaona vitone vidogo vya hewa vimeng'ang'ania kwenye majani na vingine vinapanda juu kimoja kimoja kama uzi wa shanga. Hiyo ni oksijeni, mimea inakwambia imeshakaa.

KUINGIZA SAMAKI, NA UAMUZI MKUBWA

Amua kabla ya kwenda dukani, unataka madume tu au unataka wazaane?

Kama neno "lisilokupa kazi" ndo limekuleta hapa, chukua madume tu, nane hadi kumi kwa tenki hili. Madume ndo wenye rangi, wanachezeana siku nzima, hawagombani kwa kuumizana, na hawazaani. Watu hawaupendi ushauri huu kwa sababu kila mtu anataka kuona vifaranga, naelewa, lakini fahamu unachoingia. Jike anazaa kila wiki nne hivi, vifaranga ishirini, thelathini, wengine hamsini. Na anahifadhi mbegu za dume mwilini, anaweza kuzaa tena na tena kwa miezi kadhaa bila dume kuwepo, kwahiyo "nitachukua majike tu" haisaidii, jike yeyote wa dukani ameshapandwa. Ukitaka wazaane anza na dume mmoja na majike watatu, basi. Dume akiwa na jike mmoja anamfukuza hadi anamchosha.

Kuwatofautisha ni rahisi, dume ana pezi la tumboni jembamba lililochongoka kama kijiti na mwili mdogo wa rangi, jike ana pezi la pembetatu, mwili mnene wa kijivu na doa jeusi nyuma ya tumbo.

Dukani angalia tenki zima sio samaki mmoja. Kama kuna hata mmoja amekufa humo au ana madoa meupe kama punje za chumvi, usinunue. Ukifika nyumbani acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, alafu ongeza kikombe kidogo cha maji ya tenki kila dakika tano mara sita hivi, alafu uwavue kwa neti, maji ya dukani yamwage nje. Ukiweza wakae kwenye ndoo ya pembeni wiki mbili kwanza ikiwa na honiwoti na pampu, na uweke maji mapya mara kwa mara.

CHAKULA

Hapa ndo matenki mengi yanapofia. Tumbo la gapi ni kama jicho lake kwa ukubwa, na yeye akikuona atacheza mbele ya kioo kama hajala tangu jana hata kama amemaliza sasa hivi. Mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja hadi mbili, na siku moja kwa wiki usiwape kitu. Watakuwa wanadonoa mwani na vidudu kwenye majani kutwa nzima, wachunguze utaona. Chakula cha vipande vya dukani kinatosha, kisage kwa vidole kiwe unga. Mara moja moja wape mchicha uliochemshwa au njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Unga wa dagaa wanakula vizuri ila una mafuta na unachafua maji, iwe kidogo sana.

Viluwiluwi vya mbu ndo wanavyovipenda kuliko kitu chochote na ndo maana gapi wamesambazwa nchi nyingi kupambana na mbu. Ukivikuta kwenye pipa la maji vichote uwape. Ila usianzishe ndoo ya kuvizalisha makusudi, Dar imeshapata milipuko ya dengi 2014 na 2019, na ukisahau siku chache tu umewazalishia mbu mtaa mzima.

KAZI YA KAWAIDA

Likishakomaa hesabu ni ndogo mno. Kila wiki unatoa pistia ya ziada na majani ya njano na unaongeza maji yaliyokauka. Kila wiki mbili tatu unatoa robo ya maji kwa mpira na kurudisha yaliyolala kwenye ndoo, mwagilia nayo mchicha au maua, ni mbolea nzuri. Watu wanaoongeza tu bila kutoa wanajidanganya, maji yakikauka madini yanabaki, na kwa maji ya kisima baada ya miezi sita tenki linakuwa la chumvi. Mchanga usiuvuruge wala kuufyonza kwa nguvu, toa tu uchafu wa juu. Sponji ikiziba ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tenkini, ukiiosha kwa maji ya bomba klorini inaua bakteria wote uliowasubiri wiki sita. Mara moja kwa mwezi choma choma mchanga kwa kijiti chembamba pale pasipo na mizizi ili gesi itoke.

Umeme ukikatika, mchana hamna tatizo. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni, kwahiyo ukiona samaki wote wako juu wanahema chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara ishirini thelathini, rudia kila baada ya muda. Pampu ndogo ya betri wanayotumia wavuvi inasaidia sana. Ukiwa na samaki wachache wanafika asubuhi bila hata hivyo.

WAKIZAA

Jike akikaribia tumbo linakuwa la pembe nne, doa linakuwa jeusi tii, anajitenga pembeni kwenye majani. Kifaranga anatoka amejikunja kama herufi C, anashuka kidogo, anajinyoosha, na ndani ya sekunde chache anakimbilia kwenye mosi, macho mawili na mkia basi. Hakuna anayemtunza, mama mwenyewe akigeuka anamla. Kwenye tenki lenye mosi na honiwoti nyingi wanapona wachache kila uzao na hiyo inatosha, yale maboksi ya kumfungia jike yanamtesa na yanakuletea samaki usio na pa kuwaweka. Wakifika wiki nne hivi pezi la madume linaanza kubadilika, hapo ndo uwatenge kama hutaki wazaane na ndugu zao. Kila baada ya mwaka badilishana madume na mfugaji mwingine.

Wa ziada gawa, uza, rudisha dukani kwa kubadilishana na chakula. Usiwamwage mtoni wala bwawani hata kama unaona unawafanyia wema. Pwani yetu ina samaki wadogo wa madimbwi ya msimu, Nothobranchius, wenye rangi kuliko gapi yeyote, mmoja wao Nothobranchius guentheri anapatikana Unguja tu duniani kote. Gapi akiingia humo anakula vifaranga vyao. Mimea nayo ianike ikauke kabisa ndo uitupe, gugumaji la Ziwa Victoria ni mmea wa mapambo kutoka Amerika Kusini na tunajua limewafikisha wapi wavuvi.

MAGONJWA UTAKAYOKUTANA NAYO

Madoa meupe kama chumvi mwilini, pandisha joto taratibu hadi 30 kwa siku kumi na uongeze hewa, ukiongeza chumvi ya kawaida gramu 1 kwa lita inasaidia na mimea mingi inavumilia. Kitu kama pamba nyeupe mdomoni au mgongoni mara nyingi ni bakteria, hapo usipandishe joto maana wanapenda joto, mtenge, badilisha maji, tafuta dawa ya bakteria. Vijiuzi vyekundu vinatokeza sehemu ya haja, hao ni minyoo kamalanasi, na dawa yake ni levamisoli inayouzwa maduka ya mifugo, miligramu 2 za dawa yenyewe kwa kila lita, saa 24 gizani, alafu badilisha nusu ya maji ukifyonza uchafu wa chini, rudia baada ya wiki mbili tatu. Soma kibandiko kwa makini, chupa nyingi za ng'ombe na mbuzi zimechanganywa na oksiklozanaidi, hiyo usitumie, na kiasi kipimwe kwa bomba la sindano, muuza dawa akusaidie hesabu. Konokono watoe kabla.

Mwingine akikonda taratibu, mgongo unapinda, anajificha, mara nyingi ni uzee au ugonjwa usiotibika, mtoe asife humo.

UKISAFIRI

Samaki wazima wanakaa wiki nzima bila kulishwa kwenye tenki la namna hii na hawakondi, kuna mwani, kuna vidudu kwenye mosi. Wiki mbili pia wanapita wakiwa wakubwa na sio wengi. Siku mbili kabla badilisha robo ya maji, punguza pistia, jaza maji hadi juu, taa weka kwenye taima. Kama lazima mtu alishe basi pima mwenyewe, funga kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku tatu, na kopo la chakula lifungie kabatini uondoke na ufunguo, maana mgeni akiona samaki wanamchezea kwenye kioo atawaonea huruma.